Kafuri na Isiyokuwa Kafuri

Katika kijiji kimoja juu ya Soni, kando ya barabara ipandayo kutoka Mombo kwenda Lushoto, tulihudhuria mazishi ya bibi mmoja katika jamaa zetu. Maji yalikuwa tayari, sanda imekwisha katwa, na kijana akatumwa dukani alete kafuri. Alirudi na vidonge vyeupe vya mviringo, vimefungwa katika karatasi. Mama aliyekuwa akiosha alivinusa mara moja tu, akavirudisha. "Mwanangu, hii ni ile ya sanduku la nguo. Kafuri haina harufu hii." Kijana akaapa ya kwamba mwenye duka ndiye aliyeiita kafuri. Ikabidi atumwe mwingine mpaka Lushoto mjini, nasi tukangoja.

Kwa maiti, kosa lile halikuzidi kuchelewesha kazi. Lakini vidonge vile vile vikiwekwa katika nguo za mtoto mchanga, jambo huwa jingine kabisa, na sababu yake haifahamiki mpaka mtu ajue kidogo elimu ya kaboni.

Kafuri kwetu si kitu kigeni. Imetajwa katika Surat al-Insan, aya ya 5, miongoni mwa neema za watu wema. Tena katika Hadithi ya Umm Atiyya, iliyopokewa na Bukhari na Muslim, Mtume (S.A.W.) aliwaamuru wanawake waliokuwa wakimwosha binti yake watie kafuri katika mwosho wa mwisho. Kafuri ya miti huchemshwa kwa mvuke kutoka vipande vya mkafuri, mti wa China na Japan, ambao Wajerumani waliupanda pia katika bustani ya Amani, waliyoianzisha mwaka 1902 katika Usambara ya mashariki. Na mkafuri una jamaa yake aliyezaliwa hapa hapa: mkulo, ambao wataalamu waliupa jina la milima yetu, Ocotea usambarensis. Yeyote aliyepita penye mbao za mkulo zikipasuliwa ameijua harufu ile. Mdalasini na mparachichi nao ni wa ukoo huo huo.

Sasa tutazame ndani ya kafuri. Kaboni ni ile iliyo katika makaa na masizi. Kila atomu yake ina mikono minne ya kushikia. Haidrojeni ina mmoja, na oksijeni ina miwili. Kaboni ina tabia ya kushikana yenyewe kwa yenyewe, katika minyororo mirefu au mifupi, au katika pete. Ikiwa mikono inayobaki imeshikwa na haidrojeni peke yake, kitu hicho huitwa haidrokaboni. Gesi ya samadi ya ng'ombe ina kaboni moja; gesi ya mtungi ina tatu au nne; mafuta ya taa yana kumi na kuzidi; na nta ya mshumaa ina ishirini na zaidi. Vyote hivyo huwaka vizuri, na vyote hukataa kuchanganyika na maji. Tofauti yao kubwa ni urefu wa mnyororo tu.

Utomvu wa misonobari, kama ile iliyopandwa Shume, hutoa tapentaini, na kitu kikuu katika tapentaini huitwa pinini: kaboni 10 na haidrojeni 16. Kafuri ina kaboni 10, haidrojeni 16, na oksijeni 1. Atomu moja tu imezidi! Hata hivyo pinini ni maji yenye kuwaka, na kafuri ni jiwe jeupe ambalo halianzi kuyeyuka mpaka lipate joto la digrii 175 au zaidi. Mpangilio wa atomu za kafuri ulifahamika mwaka 1893 kwa kazi ya Julius Bredt wa Ujerumani, na mwaka 1903 Gustaf Komppa wa Finland akaweza kuiunda yote kwa mikono yake. Siku hizi viwanda huitengeneza kafuri nyingi kutokana na tapentaini.

Oksijeni ile moja haikukaa ovyo. Imeishika kaboni kwa mikono yake yote miwili, na kaboni hiyo ipo katikati ya kaboni nyingine mbili. Mahali kama hapo, penye kukipa kitu tabia yake, wataalamu hupaita kikundi tendaji, na kikundi hiki jina lake ni ketoni. Kaboni ile ingalikuwa mwishoni mwa mnyororo, nayo imeshika haidrojeni, tungaliita aldehaidi, na hiyo ndiyo harufu ya mdalasini. Oksijeni ikishika kaboni kwa mkono mmoja na haidrojeni kwa mkono wa pili, huitwa alkoholi.

Hapa wako wanaoshtuka. Kafuri ya kale iliyosifiwa na wafanya biashara wa Kiarabu, iitwayo Fansuri, iliyotoka Sumatra, kwa lugha ya kemia ni alkoholi. Na mentholi iliyo katika dawa za kuchua ni alkoholi vile vile. Jina hili ni la kikundi, si la ulevi. Alkoholi ya pombe ni moja tu kati ya nyingi, yenye kaboni mbili. Hukumu ya sheria tuwaachie masheikh wetu. Mimi naeleza maana ya neno, ambalo asili yake, ajabu ya mambo, ni neno la Kiarabu la wanja.

Turudi kwenye vidonge vya kijana. Hivyo vilikuwa naftalini: kaboni 10, haidrojeni 8, bila oksijeni hata moja, pete mbili zilizoungana. Ni haidrokaboni iliyopatikana katika lami ya makaa ya mawe. Ikiachwa wazi hugeuka hewa polepole bila kuwa maji kwanza, ndiyo maana hufukuza nondo sandukuni. Hewa hiyo huingia katika nguo, kisha katika pumzi na ngozi ya avaaye. Mwili haukijui kitu hiki, nao ili ukitoe hukibandika oksijeni. Na vile vilivyokwisha kupata oksijeni ndivyo vinavyoharibu chembe nyekundu za damu.

Mtu mwenye damu ya kawaida huweza kustahimili kiasi kidogo. Lakini wako waliozaliwa na upungufu wa kimeng'enya kiitwacho G6PD, ambacho hulinda chembe hizo. Upungufu huu umeenea katika nchi zenye malaria, kama pwani yetu na nyanda za Tanga, nao huwapata zaidi wanaume. Mtoto wa namna hiyo akivikwa nguo zilizolala na naftalini, damu yake huvunjika, macho huwa ya manjano, na mkojo huweza kuwa mweusi kama kahawa. Kwa mchanga, manjano yakizidi hufika kwenye ubongo. Anayeona dalili hizo asingoje kesho, ampeleke hospitali.

Wala kafuri ya kweli isichezewe. Mtoto mdogo akiimeza huweza kupatwa na degedege kwa muda mfupi, na haifai kumpaka mchanga puani au kifuani.

Mama yule aliyeosha hakuhitaji hesabu hizi, pua yake ilimtosha. Asiyeiamini pua yake na atie kidonge katika bakuli la maji safi. Kafuri huelea, na mara nyingi huzunguka juu ya maji kama kitu chenye uhai. Naftalini huzama, lakini maji yakikorogwa chumvi nyingi mpaka isiyeyuke tena, huelea. Kiko na kidonge cha aina ya tatu, paradiklorobenzini, ambacho huzama kotekote, nacho si cha kuwekwa na nguo za mtoto.

Na zile nguo zilizokwisha kukaa na naftalini zifuliwe, zianikwe juani na penye upepo mpaka harufu iishe kabisa, ndipo avikwe mtoto.