Unyevu wa Hewa na Upungufu wa Uzito Ghalani

Miongoni mwa mambo yaletayo ugomvi katika vyama vyetu vya msingi, upungufu wa uzito ghalani ni la mbele. Mahindi hupokewa kwa mizani, yakaandikwa kitabuni na kufungiwa. Miezi miwili baadaye, yanapopimwa tena, uzito haulingani na kitabu. Wanachama humtazama katibu, naye katibu husema, "Yamekauka." Pengine asemalo ni kweli, pengine ni kisingizio. Ili halmashauri iamue kwa haki, yafaa kila mmoja wetu aelewe tabia ya mvuke wa maji hewani na jinsi unavyopimwa.

Mvuke na kikomo chake

Maji ya nguo iliyoanikwa hayapotei. Hugeuka mvuke na kuingia hewani. Mvuke huo hauonekani kwa macho. Ule weupe utokao katika sufuria inayochemka si mvuke wenyewe, bali ni matone madogo sana ya maji yaliyokwisha kupoa.

Hewa ina kikomo cha mvuke iwezao kuubeba, na kikomo hicho hutegemea joto. Meta moja ya ujazo ya hewa yenye nyuzi 20 za Sentigredi huweza kubeba gramu 17 hivi za mvuke. Ikiwa na nyuzi 30, gramu 30 hivi. Hewa ifikiapo kikomo chake husemwa kuwa imeshiba. Unyevu wa hewa hutajwa kwa asilimia ya kikomo hicho.

Tuchukue mfano. Mchana ghala lina nyuzi 30, na kila meta ya ujazo ina gramu 17 za mvuke. Unyevu wake ni asilimia 57 hivi. Usiku hewa hiyo hiyo ikipoa hadi nyuzi 20, itakuwa imeshiba, ijapokuwa haikuongezewa hata tone moja. Ikizidi kupoa, mvuke uliozidi hugeuka maji. Huo ndio umande wa majanini, na ndiyo asili ya matone yanayodondokea magunia kutoka chini ya bati hata usiku usio na mvua.

Punje na hewa

Punje ya mahindi hubadilishana mvuke na hewa iliyoizunguka. Penye hewa kavu hutoa maji. Penye hewa yenye unyevu mwingi huyanyonya. Kwa joto letu la kawaida, hewa yenye unyevu wa asilimia 70 huyaacha mahindi yakiwa na maji ya asilimia 13 hadi 14. Yakizidi hapo, kuvu huanza kuota, na baadhi ya kuvu hutoa sumukuvu. Jambo hili si dogo. Mwaka 2004, mashariki ya Kenya, watu 317 waliugua kwa kula mahindi yenye sumu hiyo, na 125 kati yao walifariki.

Namna za kupima

Ya kwanza ni vipimajoto viwili vilivyowekwa pamoja, kimoja kikiwa kikavu na cha pili kikiwa kimevishwa kitambaa cha pamba kilicholowa maji safi. Maji yanapogeuka mvuke huchukua joto, kwa hiyo kile chenye kitambaa husoma chini zaidi. Hewa ikiwa kavu, tofauti huwa kubwa. Ikiwa imeshiba, vyote viwili husoma sawa. Kikavu kikisoma nyuzi 30 na cha pili 24, jedwali hutoa unyevu wa asilimia 60 hivi. Cha pili kikisoma 28, ni asilimia 85 hivi. Visomwe kivulini, penye hewa inayotembea.

Ya pili ni unywele wa binadamu, ambao hurefuka katika unyevu na kufupika katika ukavu. Horace-Bénédict de Saussure wa Geneva alikieleza kipimo cha namna hii katika kitabu chake cha mwaka 1783.

Ya tatu haina gharama. Twaa chupa kavu yenye kifuniko, jaza mahindi hadi theluthi, tia vijiko vitatu vikubwa vya chumvi kavu, tikisa kwa dakika moja, kisha iache dakika 15. Chumvi huvuta maji hewa inapozidi unyevu wa asilimia 75. Ikigandama kwenye kuta za chupa, mahindi yana maji zaidi ya asilimia 15 na hayafai kupokewa. Isipogandama, yamepungua hapo, lakini huenda yakahitaji kuanikwa zaidi kabla ya kuhifadhiwa.

Hesabu ya haki

Gunia la kilo 100 lenye maji asilimia 16 lina kilo 84 za nafaka kavu. Likikauka hadi asilimia 13, kilo hizo 84 huwa ni sehemu 87 katika kila 100. Gawanya 84 kwa 87, zidisha kwa 100: uzito mpya ni kilo 96 na nusu. Zimepungua kilo tatu na nusu, wala hakuna aliyeiba. Lakini upungufu wa kilo nane katika gunia hilo hauwezi kutupiwa hewa. Hapo halmashauri ina haki ya kudai maelezo. Tena, chama kilichonunua gunia hilo kwa kilo 100 kimelipia maji, na mwanachama aliyeanika mahindi yake vizuri ndiye aliyepunjwa.

Kwa hiyo, ndugu makatibu, andikeni kiasi cha maji pamoja na uzito, siku ya kupokea na siku ya kutoa, mbele ya mjumbe wa halmashauri. Pangeni magunia juu ya chaga, mbali na kuta. Fungueni madirisha mchana wa jua, hewa ya nje inapokuwa kavu, na kuyafunga jioni na wakati wa mvua. Kitabu chenye tarakimu hizo kitamlinda katibu mwaminifu, na kitamfichua asiye mwaminifu.