Kompyuta ya zamani haijafa: angalia haya mbele ya kununua ingine

Kompyuta nyingi za mkononi hapa Baraka na Fizi zilitufikia zikiwa zimekwisha kutumika kwingine. Siku ikianza kuwa nzito ao kuzimika yenyewe, mwenye nayo anasema: "Imekufa." Mara mingi haijafa. Iko mgonjwa tu.

Kwanza, okoa kazi zako. Kama uko mwanafunzi na kazi ya mwisho wa masomo, ao sekreteri wa shule na matokeo ya wanafunzi, nakili yote kwenye flashi mbili. Moja ikae nyumba ingine. Mashini inaweza kununuliwa tena, lakini maandishi ya mwaka mzima hapana.

Inapata joto na kuzimika? Mara mingi ni vumbi. Zima, chomoa chaji, toa batri, fungua chini, pangusa feni na brashi laini huku umeishika isizunguke. Na usiitumie juu ya kitanda, juu inakosa hewa.

Iko nzito? Diski ya zamani inazunguka ndani kama sahani, na haipendi kutikiswa. Barabara ya Uvira–Baraka mnaijua. Diski ya SSD haina kitu kinachozunguka, na inaamsha mashini haraka sana. Kama RAM ni GB 4, kuifikisha 8 kunasaidia pia.

Na Windows? Microsoft ilimaliza kuhudumia Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025. Mashini itaendelea kuwaka, lakini bila msaada huo, matundu mapya ya usalama hayazibwi. Mashini mingi za zamani hazikubaliwi na Windows 11. Hapo kuna Linux Mint: ni ya bure, iko na Kifaransa, na LibreOffice yake inafungua maandishi ya Word.

Batri imevimba? Acha kuitumia leo hii. Usiitoboe, usiichome, usiitupe ziwani. Mpelekee fundi. Kama imechoka tu, mashini itafanya kazi na waya, lakini moto ukikatika inazimika palepale. Kwa hiyo hifadhi kazi kila dakika chache.

Mbele fundi hajafungua, muulize bei. Kama kibao kikuu kimeungua na matengenezo yanapita bei ya mashini, hapo uache. Lakini usitupe: diski, RAM na kioo vinaweza kuponyesha mashini ya jirani.