Nyumba Iliyokwisha Kuchukuliwa

Tangazo lenyewe wengi wanalijua kwa moyo. Chumba masta na sebule, Sinza, ndani ya fensi, luku yako peke yako, maji yapo, kodi laki mbili na nusu kwa mwezi, miezi sita. Chini yake kuna picha nne za vigae vinavyong'aa, na namba ya simu. Anayetafuta nyumba akipiga, hujibiwa upesi na kwa upole: hiyo imeshachukuliwa tangu wiki iliyopita, ila ipo nyingine kali zaidi, njoo na hela ya kuonyeshwa. Tangazo linabaki pale pale, na kesho yake litampigisha simu mtu mwingine. Watu huzungumza mengi kuhusu madalali wa nyumba wa Dar es Salaam, mara bei zao, mara maneno yao matamu, lakini kwa maoni yangu jina jema la dalali wa mtandaoni linapimwa mahali pamoja: anaitendea vipi nyumba iliyokwisha kuchukuliwa. Hapo ndipo tangazo linapotengana na chambo.

Udalali ni kazi ya kale katika pwani yetu, na neno lenyewe tumelipata kwa Waarabu. Dalali wa mnadani alinadi mali iliyokuwa mbele ya macho ya wanunuzi. Hakuweza kunadi jahazi lililokwisha kuondoka. Dalali wa nyumba wa mitaani alirithi sehemu ya desturi hiyo. Alikuwa na kijiwe chake, benchi chini ya mwarobaini au kibaraza cha duka, na Mangi wa duka alimjua, mjumbe alimjua, mama muuza vitumbua alimjua. Malipo yake yalieleweka bila maandishi: kodi ya mwezi mmoja, mteja akishapata ufunguo, na kama nyumba ameitoa dalali wa mtaa mwingine, wanagawana. Sisemi kwamba kijiwe kilikuwa cha watakatifu. Cha juu kilikuwapo, yaani kumtajia mpangaji bei kubwa kuliko aliyoitaja mwenye nyumba na kutia tofauti mfukoni. Lakini aliyedhulumiwa alijua pa kwenda kulalamika, na malalamiko yake yalisikiwa na watu wale wale ambao kesho wangeulizwa na mgeni, "Dalali gani hapa wa kuaminika?" Jina la dalali lilitunzwa na majirani zake, yeye mwenyewe hakuwa na uwezo wa kulihariri.

Simu imelihamisha jina hilo kutoka kwa majirani na kulitia mikononi mwa mwenyewe. Jiji lililohesabiwa watu zaidi ya milioni 5.3 katika sensa ya 2022 haliwezi kuhudumiwa na benchi chini ya mti, na mtu anayehamia kutoka Mbeya hana Mangi wa kumuuliza. Kwa hiyo anaangalia ukurasa, na kinachomvutia kwanza ni idadi ya wafuasi. Lakini wafuasi wa ukurasa wa nyumba wengi hawajawahi kupangishwa na mwenye ukurasa. Wanatazama picha kama mtu anavyotazama vitambaa dirishani. Maoni yanaweza kufutwa au kufungwa kabisa. Hata jina la ukurasa hubadilishwa, ingawa Instagram humpa mtazamaji njia ya kuona ukurasa ulifunguliwa lini, na kurasa nyingine huonyesha pia kama zimewahi kuwa na jina jingine. Ni watafutaji wachache wanaobonyeza hapo, na ingefaa wengi zaidi wabonyeze kabla hawajatuma hata shilingi.

Kubwa zaidi ni mabadiliko ya malipo. Pale dalali alipolipwa kwa ufunguo peke yake, nyumba iliyochukuliwa ilikuwa imemaliza kazi yake. Alipoanza kulipwa pia kwa kuonyesha, hesabu iligeuka. Chukua hela ya kuonyeshwa ya shilingi 20,000, na tuseme watu 13 wamevutwa na picha za kile chumba cha Sinza. Hiyo ni shilingi 260,000, zaidi ya kodi ya mwezi mmoja ambayo angeipata kwa kumpangisha mtu mmoja, tena bila kupatana na mwenye nyumba wala kukabidhi chochote. Katika hesabu hiyo nyumba iliyochukuliwa inalipa kuliko iliyo wazi, maana haiishi kamwe. Mtu hahitaji kuwa mwovu ili aanguke hapo; inatosha awe na kodi yake mwenyewe ya kulipa, na malipo yawe yamepangwa hivyo.

Madalali wana majibu, na yanastahili kusikilizwa. La kwanza ni kwamba hela ya kuonyeshwa ni nauli na jasho. Kuna wateja wanaozungushwa Kimara, Goba na Madale siku nzima, bodaboda juu ya bodaboda, kisha wanasema watafikiria, na hawaonekani tena. Hilo ni kweli, na kumtaka mtu atembee bure ni dhuluma pia. Basi aitoze, lakini aikate katika malipo yake mteja akipanga, na airudishe yote mteja akifika na kukuta nyumba ina mtu. Dalali wa kweli hapotezi chochote kwa masharti hayo; anayeyakataa amekwisha kueleza riziki yake inatoka wapi. Jibu la pili ni kwamba akiitaja nyumba ilipo, atarukwa: mteja atakwenda moja kwa moja kwa mwenye nyumba, au dalali mwenzake atazichukua picha na kuweka namba yake. Naielewa hofu hiyo. Lakini kutaja mtaa si kutaja mlango, na kuandika tarehe ambayo nyumba ilithibitishwa kuwa wazi hakumfungulii mtu njia yoyote ya kumruka. Tarehe ndiyo inayokosekana mara nyingi zaidi, wakati haina gharama hata kidogo.

Picha zenyewe zina jambo lake. Desturi yetu ni hodi. Hata mwenye nyumba hubisha hodi kwa mpangaji wake, na dalali wa zamani alisimama nje mpaka asikie karibu. Leo utaona video ya chumba ambacho mpangaji hajahama: kitanda kina shuka, kanga imetundikwa msumarini, picha ya harusi ipo ukutani, sare ya shule ya mtoto imening'inia mlangoni na nembo inasomeka. Mwenye vitu hivyo pengine yuko kazini, wala hajui kwamba chumba chake cha kulala kinatazamwa na maelfu. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi tangu 2022, lakini hata isingekuwapo, mtu aliyelelewa katika mitaa yetu anajua kwamba kuingia na kamera ni kuingia. Dalali anayesubiri chumba kiwe kitupu, au anayemwomba mpangaji ruhusa kwanza, amebisha hodi.

Wengine watasema haya yote ni kazi ya sheria. Sheria inasaidia. Kenya inayo sheria ya madalali wa mali zisizohamishika tangu 1984, na bodi ya kuwasajili, na mteja wa Nairobi anaweza kuuliza kama anayezungumza naye amesajiliwa. Bado hapajakosekana huko watu wa kutuma pesa kwa nyumba wasiyoiona. Tanzania, agizo la leseni za biashara la 2025 limeuweka udalali wa majengo katika kazi ambazo asiye raia hawezi kuzifanya. Limeeleza nani asifanye, na namna ya kufanya limewaachia wenye kazi. Wala wateja hawatoshi kuwa walinzi. Aliyeridhika amelipa kodi ya miezi sita, amefunga mlango, hana haja tena na ukurasa ule. Aliyetapeliwa mara nyingi anajua namba iliyozimwa na jina la ukurasa, basi.

Ndiyo maana ushahidi inabidi uanzie kwa dalali mwenyewe. Wapo ambao tayari wana desturi ya kuandika IMECHUKULIWA juu ya picha badala ya kuifuta au kuiacha ikivua watu. Wenzao huwaambia wanajisifu. Na wajisifu, kwa sababu sifa ya namna hiyo inakaguliwa: kila picha yenye neno hilo, mtaa na tarehe inaelekeza kwenye nyumba ambayo sasa ina mpangaji, na mtafutaji anaweza kumwomba dalali amkutanishe na mmoja wao. Mpangaji huyo atatoka kibarazani na kumwambia alilipa kiasi gani, na kama chumba alichokikuta ndicho kilichokuwa kwenye picha.