Mbio za Drag Bila Kuumiza Mfuko: Panga Pesa Kabla ya Kukanyaga Mafuta

Ni Ijumaa jioni, mshahara umeingia, na kwenye grupu ya WhatsApp mtu ametuma bango la mbio za drag. Ndani ya nusu saa kila mtu amesema "niko ndani". Shida huanza Jumatatu, mtu anapouliza: nani analipa nini?

Hapa ofisini tuko na wapenda magari kadhaa, na tumeona mchezo huu ukileta raha na pia ukivunja urafiki. Kuna wakati marafiki wa mmoja wetu walichanga pesa za kujisajili, zote zikatumwa kwa laini ya jamaa mmoja, mtu mwaminifu kabisa. Katikati ya wiki mtoto wake akaugua. Akachukua pesa kidogo za hospitali akijua atarudisha. Siku ya kulipa, hazikutosha. Wawili wakafungiwa nje, na mpaka leo hawasalimiani. Hakuna aliyekuwa mwizi hapo. Pesa za watu na pesa za nyumbani zilikaa mfuko mmoja, basi.

Si lazima uwe na turbo

Mbio za drag ni magari mawili, njia iliyonyooka na mita 402, yaani robo maili. Kuna pia za mita 201, ambazo huchosha gari kidogo.

Watu wengi hudhani mwenye injini kubwa ndiye hushinda kila mara, ndiyo maana wanamimina pesa kwa fundi. Lakini kuna mtindo uliozoeleka Marekani ambao unampa nafasi hata mwenye Vitz. Kila dereva anataja mapema muda ambao gari lake litatumia. Tuseme Vitz imetaja sekunde 19 na Subaru sekunde 15. Vitz inawashiwa taa ya kijani sekunde 4 mbele. Anayefika kwanza anashinda, lakini ukienda kasi kuliko muda uliotaja, umepoteza. Ukiondoka kabla ya taa, pia umepoteza.

Hapo kinachotafutwa ni dereva anayelijua gari lake, wala si mwenye spea za bei. Kama kikundi chenu kinaandaa siku yake uwanjani, ulizeni kama mtindo huu unawezekana.

Tena usivunjike moyo ukilinganisha muda wako na video za ng'ambo. Nairobi iko karibu mita 1,800 juu ya bahari. Hewa ni nyepesi, na injini isiyo na turbo hupoteza nguvu. Gari lako si bovu.

Hesabu kabla ya siku yenyewe

Andika gharama zote: kujisajili, helmeti, mafuta ya kwenda na kurudi, oili, tairi, breki, chakula. Kisha weka akiba ya kuvutwa gari likigoma. Wengi husahau hiyo ya mwisho, na ndiyo huuma zaidi.

Tuseme jumla ni shilingi 18,000 na mbio ziko wiki 12 mbele. Hiyo ni shilingi 1,500 kwa wiki. Fungua akiba kwenye simu, ipe jina "drag", na uweke pesa siku ile ile kila wiki. Ikifika siku na haijatosha, nenda kama mtazamaji. Helmeti unaweza kuazima kwa rafiki, bora ikutoshe vizuri na isiwe imewahi kupata ajali.

Kitu kimoja tunakusihi: usichukue mkopo wa simu kwa ajili ya klachi ya mashindano. Klachi inaweza kuungua kwa sekunde chache, lakini deni litakuwa bado linakungoja mwisho wa mwezi.

Mkichanga kama kikundi

- Tumieni till au paybill ya kikundi, si namba ya mtu binafsi.
- Mweka hazina atume taarifa ya malipo kwenye grupu kila wiki, hata kama hakuna aliyelipa.
- Kubalianeni mapema: mtu akijitoa, anarudishiwa ngapi?
- Kabla ya kulipa mwandaaji, hakikisha jina linalotokea kwenye simu ni lile lililo kwenye bango. Likiwa tofauti, piga simu kwanza.
- Hakuna mwandaaji anayehitaji PIN yako. Hakuna.

Barabara ya umma si uwanja

Tunajua Thika Road saa saba usiku inavutia, na haina kiingilio. Lakini kushindana kasi huko ni kinyume cha sheria, na kuna mtu anavuka akitoka kazini. Pia soma bima yako vizuri, kwa sababu nyingi za kawaida hazilipi hasara iliyotokea kwenye mashindano, hata yale halali. Hiyo ni sababu nyingine ya kukimbiza gari ambalo unaweza kumudu kulitengeneza.

Raha ya mchezo huu ni kurudi nyumbani Jumapili jioni na gari lako, marafiki wako, na pesa ya nauli ya Jumatatu. Kama wiki hii mna mchango unaoendelea kwenye laini ya mtu, mwombeni leo auhamishe. Hata yeye atashukuru.