Je, Vazi Laweza Kukutajia Kazi ya Mtu?

Uwapo kituo cha basi asubuhi, macho yako hayatulii. Yule aliyevaa suti ya Kaunda na kukamata mkoba wamdhania bwana mkubwa wa ofisi. Mwenye ovaroli yenye madoa ya grisi wamwita fundi. Mama aliyejifunga kanga wasema hana kazi, yuko nyumbani tu. Hujasema na hata mmoja wao, lakini umekwisha kuwagawia kazi, na pengine heshima pia.

Si kila dhana ya namna hiyo ni mbaya. Sare nyeupe ya askari wa usalama barabarani imewekwa ili dereva amtambue upesi na kusimama. Hatari huanza tunapolitii vazi pasipo kumjua aliyelivaa.

Tarehe 16 Oktoba, 1906, huko Ujerumani, fundi viatu mmoja, Wilhelm Voigt, aliyekwisha kufungwa mara kadhaa, alivaa sare ya kapteni wa jeshi aliyoinunua kuukuu. Akawaamuru askari aliowakuta njiani mjini Berlin wamfuate, nao wakamfuata hadi Köpenick. Huko alimkamata meya, akatoweka na fedha za mji, zaidi ya maki 3,500. Askari wale hawakumjua mtu. Waliijua sare tu. Voigt alihukumiwa kifungo cha miaka 4, akasamehewa mwaka 1908.

Usidhani hayo ni ya kale. Mwaka 1974 mtaalamu wa saikolojia, Leonard Bickman, alichapisha matokeo ya majaribio yaliyofanywa Brooklyn, New York. Wapita njia waliamriwa na mtu wasiyemjua mambo madogo, kama vile kuokota takataka. Aliyevaa sare ya mlinzi alitiiwa zaidi kuliko aliyevaa koti na tai, au aliyevaa kama mpeleka maziwa.

Hapa kwetu, mitumba imezidi kulifumba fumbo hili. Koti la karani na la mchuuzi huweza kutoka katika robota moja.

Basi tufanyeje? Kwanza, abishaye hodi akiwa na sare ya umeme au maji, kisha akadai fedha, mwombe kitambulisho. Huko si kukosa adabu. Mtumishi wa kweli hataona haya kukionyesha. Wafundishe na watoto hivyo, kwani ndio wanaobaki nyumbani mchana.

Pili, ewe uliye nyuma ya kaunta, mwenye kandambili naye mwambie "karibu" kwa sauti ile ile umwambiayo mwenye tai. Mama yule wa kanga huenda ametoka zamu ya usiku kiwandani. Na hata kama ametoka jikoni kwake, je, hiyo si kazi?

Nguo humsitiri mtu. Kazi yake na utu wake huna budi kuviuliza.