Magamba ya Tanganika na Bahari ya Kale

Mwenye kutembea kando ya ziwa huko Uvira anaokota magamba ya konokono mazito, yenye miiba na mifereji, kama ya baharini. Wanafunzi wanatuuliza: je, si ya gharika ya Noa? Hapana, konokono hao wangali hai majini mpaka leo. Lakini swali lenyewe si la kuchekwa, maana mtaalamu mmoja alijikwaa papo hapo.

Mwingereza J. E. S. Moore alisafiri Tanganika mara mbili, kati ya 1896 na 1900. Katika kitabu chake cha mwaka wa 1903 alifundisha kwamba ziwa hili ni mabaki ya bahari ya wakati wa Jurasi. Alilinganisha Paramelania wetu na Purpurina, konokono wa bahari aliyegeuka jiwe katika inchi ya Uingereza. Zinafanana kweli! Lakini kufanana huko hakuonyeshi umri.

Mwenye heri Niels Stensen, aliyekuwa askofu baadaye, alieleza mwaka wa 1669 kwamba tabaka la chini limetangulia la juu. Vema, lakini tabaka la Mombasa na lile la Kachchh, kule Uhindi, tutajuaje kama ni ya wakati mmoja? Hapo tunawauliza waamonite, wanyama wa bahari wa ukoo wa pweza, wenye gamba lililojikunja kama pembe ya kondoo dume. Walienea katika bahari nyingi, na kila ginsi iliishi kitambo kifupi tu, ikatoweka, isirudi tena. Ginsi moja ikionekana pande zote mbili, matope yale yalitandikwa karibu wakati mmoja. Mjerumani Albert Oppel alipanga hivyo mawe ya Jurasi ya Ulaya, miaka ya 1856-1858.

Sura ya gamba la konokono, kinyume chake, hurudi mara nyingi pasipo undugu. Katika ziwa letu kaa wenye makucha ya nguvu huvunja konokono: gamba jembamba huliwa, gamba nene husalia. Tena bonde la kaskazini, upande wa Uvira na Bujumbura, linakadiriwa kuwa na miaka milioni 7 au 8, na Jurasi ilikwisha yapata miaka milioni 145 iliyopita. Milima ya Mitumba, juu ya Uvira, mawe yake yametangulia Jurasi kwa mbali sana. Mwenye kutafuta amonite humo atachoka bure. Ashuke pwani ya Bahari ya Hindi.