Utambi chini ya chungu

Aliyewahi kuwasha koroboi anaijua tayari nusu ya fizikia ya makala haya. Mafuta yako chini ndani ya kopo, moto uko juu, na katikati ni kipande cha utambi tu. Hakuna pampu, hakuna wa kumimina. Moto ukila mafuta kwenye ncha, mengine hupanda kushika nafasi yake. Sasa weka maji mahali pa mafuta ya taa na mmea mahali pa moto, nawe umepata umwagiliaji wa utambi. Miongoni mwa wanaousifia zaidi siku hizi ni watu ambao wengi wetu tusingefikiria kuwauliza habari za kilimo: wakulima wa bangi wa nyumbani nchini Kanada.

Kanada ilihalalisha bangi tarehe 17 Oktoba 2018, na sheria ya taifa inaruhusu kila kaya kuotesha miche isiyozidi minne. Jimbo la Quebec lilikataa kilimo hicho cha nyumbani, na mwaka 2023 Mahakama ya Juu ya nchi hiyo iliamua kwamba lina haki ya kukataa. Kwetu hakuna mjadala wa miche mingapi. Tanzania kwa sheria yake ya mwaka 2015, na Kenya kwa ile ya 1994, kulima bangi ni kosa la jinai. Kwa hiyo tuuache mmea huko uliko, tuchimbue kilicho chini yake.

Hiyo miche minne ndiyo chanzo cha mambo. Mkulima wa ekari kumi akipoteza miche minne hata hatajua. Mwenye minne tu, iliyowekwa chumbani chini ya taa wakati nje ni theluji, huiangalia kama mama anavyoangalia uji jikoni. Kila akipita, anamwaga maji kidogo. Mimea ya vyunguni hufa sana kwa mapenzi ya namna hiyo, kuliko wengi wanavyodhani. Mizizi hupumua, nayo huitaka oksijeni iliyomo kwenye vinafasi vya udongo. Vinafasi hivyo vikijaa maji, oksijeni husafiri polepole mno, takribani mara elfu kumi pungufu ya mwendo wake hewani. Mzizi unakabwa, majani yanalegea, mwenye mche anadhani una kiu. Anaongeza maji.

Utambi hauna huruma hiyo, na ndio uzuri wake. Maji hupanda kwa sababu molekuli zake hushikana zenyewe kwa zenyewe, na pia hung'ang'ania kuta za kitu chembamba zinachopitia. Njia ikiwa nyembamba zaidi, maji hupanda juu zaidi. Katika mrija wa kioo wenye upana wa milimita moja hupanda sentimita tatu hivi. Upana ukiwa sehemu moja ya kumi ya hapo, hufika karibu sentimita 30. Vinafasi kati ya chembe za udongo ni mirija ya aina hiyo, japo imepinda na kukatikakatika. Ndiyo maana wanaotengeneza vitanda vya namna hii hawapendi kuweka udongo wenye kina kinachozidi hizo sentimita 30 juu ya maji.

Umbo lake ni rahisi. Chini kuna ndoo au beseni la maji. Juu yake kuna chombo cha udongo, na kamba moja au mbili zinazoshuka kutoka katikati ya udongo hadi majini. Ubavuni mwa hifadhi ya maji hutobolewa tundu la ziada, ili maji yasifike kwenye udongo wenyewe. Mmea ukinywa na jua likikausha, udongo huvuta. Ukiwa umetosheka, mvuto hupungua.

Kuna kosa moja ambalo nimelifanya mwenyewe, kwa mchicha, nyuma ya nyumba: nilitumia kitambaa cha pamba. Katika udongo wenye uhai pamba ni chakula, na baada ya wiki kadhaa utambi wangu ulikuwa umeliwa. Kamba ya nailoni au poliesta hudumu. Na kama ule wa koroboi, utambi ukianza ukiwa mkavu haufanyi kazi. Lazima ulowe kwanza, na udongo ulowe pia kutoka juu, ili mnyororo wa maji usiwe na mahali ulipokatika.

Nimesema udongo wenye uhai. Mkulima wa kawaida wa chunguni hulisha mmea: huyeyusha mbolea ya chumvichumvi katika maji na kuimwaga. Mkulima wa udongo hai hulisha udongo, kisha husubiri. Mchanganyiko wake huwa takribani theluthi ya mboji iliyoiva, theluthi ya kitu kinachoshika maji, na theluthi ya kokoto nyepesi za volkano za kuingiza hewa. Cha kushika maji Wakanada hutumia mboji ya vinamasi. Mtu wa Pwani anacho bora karibu naye: vumbi la makumbi ya nazi.

Ndani ya mchanganyiko huo, bakteria na kuvu huozesha majani makavu na samadi, na kuifungia naitrojeni ndani ya miili yao. Wadudu wa hadubini, yaani protozoa na nematodi, huwala bakteria hao. Bakteria ana naitrojeni nyingi kuliko mlaji anavyohitaji, basi ziada hutolewa kama taka pembeni mwa mzizi, na mzizi huichukua. Kuna pia kuvu wa mizizi, washirika wa mimea tangu miaka zaidi ya milioni 400 iliyopita. Nyuzi zao hupenya mahali mzizi usipofika, zikirudi na fosforasi, na kulipwa sukari. Jamii hii nzima huchukia mafuriko na huchukia ukame, na kumwagilia kwa ndoo huwapa vyote viwili kwa zamu. Utambi huwapa unyevu ule ule mchana na usiku. Hapo ndipo mambo haya mawili yanapofaana hasa. Kuokoa maji ni faida ya pembeni.

Utambi una kasoro yake. Maji yakipanda na kukauka juu, chumvi hubaki juu. Anayetumia maji ya kisima cha Pwani ataona utando mweupe mapema. Dawa ni matandazo ya majani, na kumwaga maji mengi kutoka juu mara moja moja ili chumvi ishuke, kisha kumwaga yaliyochujika.

Je, haya yanahusiana vipi na afya? Kwa bangi, uhusiano ni wa moja kwa moja, kwa sababu kinachochomwa huingia mapafuni. Mwaka 2016 na 2017 baadhi ya bidhaa za wazalishaji wenye leseni Kanada zilirudishwa baada ya kukutwa na myclobutanil, dawa ya ukungu ambayo mizabibu hupuliziwa. Ikichomwa hutoa haidrojeni sianidi, gesi ya sumu. Udongo hai hupunguza haja ya dawa za namna hiyo, lakini haufanyi bangi kuwa dawa ya meno. Kilevi chake kiko palepale, na madhara yake kwa akili ya kijana pia. Mbegu za ukungu uitwao Aspergillus zinaweza kubaki kwenye maua yaliyokaushwa na kumdhuru mtu mwenye kinga dhaifu.

Tena mmea wa bangi hunyonya metali nzito kutoka udongoni kwa bidii kiasi kwamba ndugu yake wa nyuzi alipandwa karibu na Chernobyl kujaribu kusafisha ardhi. Mchicha una tabia hiyo hiyo. Watafiti walipopima mboga zilizolimwa kandokando ya mito Sinza na Msimbazi, Dar es Salaam, miaka ya 1990, walikuta risasi na kadimiamu. Uhai wa udongo hauondoi metali. Kabla ya kuusifu mchanganyiko wako, jua mboji yake ilitoka jalala gani.

Wazo lenyewe la kumwagilia taratibu kutoka chini si geni. Kitabu cha kilimo cha China cha karne ya kwanza kabla ya Kristo kinaeleza vyungu vya udongo vilivyofukiwa na kujazwa maji, yakipenya ukuta taratibu kuelekea mizizi. Chungu kisichopakwa rangi kutoka sokoni bado hufanya kazi hiyo, bila kamba. Kwa nyumba ya mjini ambako maji ya bomba hutoka siku mbili kwa wiki, ndoo mbili na kamba zitalea sukuma wiki, nyanya na pilipili vizuri kuliko mtoto aliyetumwa kumwagilia.

Ila funika maji. Mbu wa Aedes, anayeeneza dengi, hupenda hasa maji safi yaliyotulia katika vyombo vya nyumbani, na Dar es Salaam iliuonja mlipuko wake mwaka 2014 na tena 2019. Ziba kila upenyo wa ndoo ya chini kwa wavu wa chandarua, hata lile tundu la ziada, kwa kuwa joto likiwa zuri yai la mbu huyo hufikia kuruka kwa siku saba hadi kumi.